Jinsi Taasisi ya Vitu Vidogo Mno Ilivyoanzishwa Houston

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Watu wengi wakisikia kwamba chuo kikuu fulani kimeanzisha taasisi ya uchunguzi, jambo la kwanza linalowajia akilini ni jengo: kuta ndefu, vioo, bamba la shaba mlangoni, na mgeni wa heshima aliyeshika mkasi wa kukata utepe. Mimi nataka kueleza habari za taasisi moja ambayo jengo lake lilikuja nyuma kabisa, baada ya swali, baada ya mashine, na baada ya watu. Nayo ni ile ya Chuo Kikuu cha Rice, katika mji wa Houston, jimbo la Texas, Marekani.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yake yanaweza kufuatwa na mwanafunzi ye yote aliyesoma kemia kwa miaka miwili au mitatu. Pili, wakati huu ambapo ndugu zetu waliokwisha kumaliza hapa wanaombwa michango ya kujenga maabara mpya, yafaa tujue wengine walianzaje.

Kwanza tujue kipimo chenyewe. Chukua milimita moja katika rula yako, uigawe mara milioni moja. Sehemu moja ndiyo nanomita. Neno "nano" latoka katika Kigiriki na maana yake ni kibete. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Hemoglobini, ile inayoipa damu rangi yake nyekundu, ina upana wa nanomita tano au sita tu.

Huenda msomaji akauliza: udogo huo una faida gani? Na tufanye hesabu. Twaa mchemraba wenye sentimita moja kila upande. Nyuso zake sita zina eneo la sentimita 6 za mraba, yaani kama stempu moja ya barua. Sasa uukate mchemraba huo mpaka uwe vijichemraba vya nanomita moja kila upande. Uzito haukuongezeka hata chembe, lakini ukijumlisha nyuso zote utapata mita 6,000 za mraba, karibu uwanja wa mpira wa miguu! Asiyesadiki achukue kalamu akokotoe mwenyewe. Nasi twajua kwamba kitu hushikana na kitu kingine juu ya uso wake, si ndani yake. Kwa hiyo kitu kilicho kivivu kikiwa pande kubwa huweza kuwa chepesi sana wa kutenda kikiwa unga wa kiasi hicho. Tena tabia zingine hugeuka. Dhahabu ikiwa chembe za nanomita chache ndani ya maji huyafanya maji yawe mekundu kama divai, wala hapana wa kudhani kwamba ni dhahabu.

Hapo ndipo ilipo shida ya walimu na vyuo. Kitu chenye nanomita tano ni mali ya nani? Mwenye kemia atasema ni molekuli, mwenye fizikia atasema ni jambo la nuru na umeme, mwenye elimu ya viumbe atasema ni ukubwa wa protini, na mhandisi atauliza kina nguvu kiasi gani kikivutwa. Wote wasema kweli. Lakini katika vyuo vingi watu hawa wanne hukaa katika majengo manne, huandika katika magazeti manne ya elimu, na pengine hata hawanywi chai pamoja.

Chuo cha Rice kilifungua milango yake mwaka 1912 kwa mali iliyoachwa na tajiri William Marsh Rice. Ni haki niseme pia, kwa kuwa wasomaji wetu ni Waafrika, kwamba hati iliyokianzisha ilikifanya kuwa chuo cha watu weupe, na mlango huo haukufunguliwa kwa watu weusi mpaka miaka ya 1960, tena kwa kwenda mahakamani. Sikuona vema kulipita jambo hilo kimya. Chuo ni kidogo kwa kipimo cha Marekani, na nafikiri udogo huo ulikifaa, maana katika mahali padogo watu hukutana wapende wasipende. Mwaka 1979 wenye fizikia, kemia na uhandisi walifanya ushirika mmoja ulioitwa Taasisi ya Kwanta ya Rice. Miongoni mwao walikuwako Robert Curl, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti ambaye alisoma papo hapo Rice, na Richard Smalley, aliyefika kufundisha mwaka 1976.

Smalley alikuwa na mashine. Kazi yake ilikuwa hii: miale ya leza hupiga kipande cha kitu kigumu mpaka atomu zake zinaruka kama moshi, papo hapo pumzi ya gesi ya heliamu huusukuma moshi huo ukapoa, na atomu zikashikana vikundi vikundi, kisha vikundi hivyo hupimwa uzito, hata mtu akajua kila kikundi kina atomu ngapi. Smalley aliitumia hasa kwa silikoni na vitu vya namna hiyo, ambavyo vina kazi katika elektroniki.

Mwaka 1984 Curl alimkaribisha Houston rafiki yake Harold Kroto, wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Huyu alikuwa na swali la ajabu, tena la mbali: minyororo mirefu ya kaboni ambayo wenye darubini za redio wameiona kati ya nyota ilitoka wapi? Yeye aliwaza kwamba ilipikwa kandokando ya nyota wekundu waliozeeka. Alipoiona mashine ya Smalley alitaka itiwe grafiti, yaani kile kitu cheusi cha penseli tunachokiita risasi ijapokuwa si risasi, ili ipatikane hali kama ya huko kwenye nyota. Smalley hakuwa na haraka. Kazi zake zilimtosha, na habari za nyota hazikuwa mzigo wake. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla Kroto hajaitwa arudi.

Mwanzoni mwa Septemba 1985 waliianza kazi pamoja na wanafunzi wao James Heath, Sean O'Brien na Yuan Liu. Minyororo waliyoitafuta iliunda kama Kroto alivyotumaini, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitafuta. Kikundi kimoja kilizidi vyote kwa wingi, nacho kilikuwa na atomu 60 hasa. Cha atomu 70 kilifuata kwa mbali. Kwa nini 60? Kwa nini si 58 wala 62?

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, maana jambo hili ndilo kiini cha habari yote. Watu wa kampuni ya mafuta ya Exxon walikuwa wamekwisha kutia kaboni katika mashine ya namna ile ile, na mwaka 1984 walichapisha mchoro wa matokeo yao. Atomu 60 zimo katika mchoro huo, zimesimama zimejitokeza kuliko jirani zake. Wakazipita. Sisemi kwamba hawakuwa hodari. Nasema tu kwamba mashine ilikuwa moja, na kaboni ilikuwa moja. Kilichozidi Houston ni kuwa chumba kimoja kilikuwa na mtu wa nyota, mtu wa mashine, mtu mwenye tabia ya kupima kila neno kabla ya kulikubali (huyo ndiye Curl), na vijana ambao hawakuogopa kukesha.

Walijiuliza umbo gani laweza kuwa na atomu 60 pasipo ncha moja iliyobaki wazi. Heath alijaribu nyumbani kwa peremende laini na vijiti vya kuchokolea meno. Smalley alikaa usiku mezani na karatasi, mkasi na gundi. Alikata pembesita, kwa kuwa grafiti ni pembesita tupu, akaziunga, hazikufunga. Ndipo akakumbuka kwamba Kroto alisimulia habari za tufe la nyota la karatasi alilowatengenezea watoto wake, lililokuwa na pembetano pia. Akaanza kutia pembetano, na mara karatasi ikajikunja, ikajifunga yenyewe kuwa mpira wenye ncha 60 kamili. Asubuhi walimpigia simu mkuu wa idara ya hesabu kumwuliza umbo hilo laitwaje. Jibu lilirudi kwamba ni mpira wa miguu.

Kwa nini pembesita peke yake hazifungi? Wenzangu wa Hesabu wataniwia radhi nikiingia shambani mwao. Kanuni ya Euler yasema kwamba katika umbo lililofungwa kama mpira, ukichukua idadi ya ncha, ukatoa idadi ya kingo, ukaongeza idadi ya nyuso, jibu ni 2 siku zote. Sasa tuseme kila ncha hukutanisha nyuso tatu na kila ukingo hukutanisha nyuso mbili. Pembesita moja ina ncha sita, lakini kila moja yagawanywa kwa watatu, kwa hiyo fungu lake ni ncha 2; kingo zake sita zagawanywa kwa wawili, fungu lake ni 3; na uso wake ni 1. Mbili kutoa tatu kuongeza moja ni sifuri. Basi, hata ukiunga pembesita elfu, utapata sifuri, wala hutafika 2 kamwe. Fanya vivyo hivyo kwa pembetano: tano kwa tatu, kutoa tano kwa mbili, kuongeza moja, jibu ni sehemu moja ya sita. Ili kufika 2 zahitajiwa pembetano 12, si zaidi wala si pungufu. Mpira wa ngozi wa zamani, wenye mabaka meusi na meupe, una pembetano nyeusi 12 na pembesita nyeupe 20. Ncha 60, kingo 90, nyuso 32. Sitini kutoa tisini kuongeza thelathini na mbili: mbili! Zile atomu 70 nazo zina pembetano 12, lakini pembesita 25, na umbo lake hurefuka kama mpira wa raga.

Atakaye kuutengeneza akate vipande hivyo 32 katika karatasi ngumu, kila upande uwe na urefu ule ule, kisha kila pembetano aizungushie pembesita tano, pasiwe na pembetano mbili zinazogusana.

Habari hizo zilichapishwa katika gazeti la Nature mwezi wa Novemba 1985. Kitu chenyewe wakakiita bakiminstafulerini, kwa heshima ya Buckminster Fuller, mjenzi wa majumba ya kuba. Wengi hawakusadiki, maana hapana aliyekuwa na kiasi cha kutia hata katika kijiko. Ilingojewa mpaka mwaka 1990, ambapo Wolfgang Krätschmer na Donald Huffman na wenzao, huko Ujerumani na Arizona, walipata njia ya kukipika kwa wingi kutoka masizi ya grafiti. Mwaka uliofuata, Sumio Iijima wa Japani alieleza habari za mirija ya kaboni, ambayo ni kama karatasi ya grafiti iliyoviringishwa kuwa bomba jembamba mno.

Ndipo, mwaka 1993, Smalley na wenzake wakaanzisha Rice kituo cha elimu na ufundi wa vitu vya kipimo cha nano, mojawapo cha kwanza kabisa duniani kwa kazi hiyo. Angalieni miaka: ushirika wa kwanza 1979, ugunduzi 1985, kituo 1993. Nobeli ya Kemia kwa Curl, Kroto na Smalley ilikuja 1996, na jengo jipya la kituo, liitwalo Dell Butcher Hall, likafunguliwa 1997. Wanafunzi wale watatu hawakupata Nobeli, kwa kuwa kanuni yake haivuki watu watatu kwa tuzo moja. Kanuni ni kanuni, lakini mimi naona ni kali.

Baada ya hapo Smalley akawa kama mwinjilisti. Mwezi wa Juni 1999 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kuomba nchi yake iitie fedha kazi hii. Alikuwa anaugua saratani, na nywele zake zilikuwa zimepukutika kwa dawa; akawaeleza wajumbe kwamba dawa za siku hizo huwapiga wagonjwa kwa nguvu butu, na kwamba elimu ya nano itapata njia ya kuifuata saratani mahali pake. Januari 2000 Rais Clinton alitangaza mpango wa taifa, akaomba karibu dola milioni 500 kwa mwaka mmoja, na mwaka 2003 mpango huo ukafanywa sheria. Smalley alifariki tarehe 28 Oktoba 2005.

Je, matumaini hayo yalitimia? Nitajibu kwa kazi zilizofanywa Rice kwenyewe.

Naomi Halas, ambaye ni mtu wa umeme na nuru, na Jennifer West, ambaye ni mhandisi wa mambo ya mwili, walitengeneza vijipunje vya kioo vilivyovikwa ganda la dhahabu. Ganda likipimwa vema, kijipunje hunywa aina ya nuru isiyoonekana ambayo hupenya nyama ya mwili bila kuidhuru, kikawa moto, kikaiunguza saratani iliyokizunguka. Mwaka 2003 walionyesha kwamba njia hiyo yafanya kazi, na mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio kwa wanaume wachache wenye saratani ya tezi dume, nayo yalitia moyo. Hesabuni miaka tena: 16. Anayetaka matunda ya haraka asipande mti huu.

Kazi ya pili naipenda zaidi, kwa sababu ni ya watu maskini. Mwaka 2001 kilianzishwa Rice kituo kingine, kikiongozwa na Vicki Colvin, cha kuangalia elimu ya nano pamoja na viumbe na mazingira. Mwaka 2006 watu wake walionyesha kwamba kutu ya sumaku, ikiwa punje za nanomita kama 12, huinasa aseniki iliyo katika maji ya kunywa, sumu ambayo imewadhuru watu wengi sana katika visima vya Bangladesh. Kisha punje hizo huvutwa nje ya maji kwa sumaku ndogo tu. Watu hao hao walijiuliza pia kama vitu vyao vyenyewe ni sumu. Mwaka 2004 waliona kwamba fulerini tupu ndani ya maji yaweza kuua chembe za mwili zilizokuzwa katika maabara, lakini ikivikwa vizuri, madhara yake hupungua sana. Chuo kinachochunguza ubaya wa bidhaa yake kabla ya mshtaki kuja chastahili heshima.

Lakini mengine hayakutimia. Smalley alitamani waya wa mirija ya kaboni utakaobeba umeme kutoka jangwani penye jua hadi miji ya mbali, upotevu ukiwa mdogo mno. Waya huo haujatandikwa po pote. Na ule mpira wa atomu 60, pamoja na uzuri wake wote, haukupata kazi nyingi kama magazeti ya wakati ule yalivyoahidi. Mwaka 2015 taasisi iliyokuwa imepewa jina la Smalley iliunganishwa na ile ya kwanta ya 1979, ikawa Taasisi ya Smalley-Curl. Jambo hili lanifurahisha: mtoto alirudi kwa mama yake, na jina la Curl, mtu mpole, likaandikwa mlangoni. Alifariki mwaka 2022.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Marekani tu. Huko Arusha, jirani zetu, kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na ndani yake mambo ya malighafi, nishati, maji na mazingira yamewekwa chini ya dari moja. Mmoja wa wahadhiri wake, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea elimu ya nano Korea ya Kusini, alitengeneza chujio la maji. Mchanga hushika takataka. Kisha vitu vya kipimo cha nano, vinavyochaguliwa kwa kufuata uchafu wa mahali penyewe, hushika yale yanayoupita mchanga, kama floraidi na madini mazito. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Wakazi wa chini ya Mlima Meru na wa sehemu nyingi za Bonde la Ufa wanaijua floraidi bila kufundishwa. Meno ya watoto wao huwa ya rangi ya kahawia, na ikizidi mno, mifupa nayo hupinda. Swali la Hilonga halikutoka kwenye nyota, lilitoka kisimani.

Sasa narudi kwa habari ya maabara yetu. Sipingi jengo, mvua inapovuja juu ya mizani, hapana anayeweza kupima. Lakini katika mpango uliobandikwa ubaoni naona chumba cha fizikia upande mmoja, cha kemia upande wa pili, cha elimu ya viumbe nyuma, na kuta nene katikati. Naomba Kamati na ndugu zetu wa zamani wafikirie chumba kimoja kirefu chenye meza za wote, na fedha ya kuta hizo inunue vyombo vya kupimia. Naomba pia kwamba kabla fundi hajaitwa kupima msingi, yaandikwe maswali ambayo maabara hiyo itayajibu.

La kwanza nalitoa mimi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya kisima chetu, tunayoyanywa sisi mia kadhaa kila siku, yana kiasi gani?